Hesabu za Soweto

Watu wakikumbuka Soweto ya Juni 1976 wanakumbuka risasi, na ile picha ya Hector Pieterson akiwa amebebwa mikononi. Hesabu haitajwi. Lakini hesabu ilikuwemo ndani ya ugomvi ule tangu mwanzo. Amri ya serikali ya mwaka 1974 ilizigawia shule za Waafrika lugha mbili za kufundishia, na hesabu ikaangukia upande wa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, ambayo watoto hawakuitaka na walimu wengi wenyewe hawakuimudu. Miaka ishirini kabla ya hapo, mwaka 1953, Hendrik Verwoerd, waziri aliyesimamia mambo ya wenyeji, alikuwa ameuliza kuna faida gani kumfundisha mtoto wa Kibantu hesabu ambayo hataweza kuitumia. Watoto wa Soweto walijua swali hilo limewalenga nani.

Mtaa ninaokaa umeazima jina hilo. Soweto West iko upande wa chini wa Kibera, Kianda ni jirani, Gatwekera ni jirani, na reli haiko mbali. Hapa nafundisha hesabu jioni, kwenye chumba cha mabati ambacho mchana ni shule ya chekechea, na wanafunzi wangu ni watu wazima wanaotaka kuwa manesi. Kuna mama wa chapo. Kuna dada anayefua nguo Lang'ata. Kuna wahudumu wa afya ya jamii waliozunguka vichochoro hivi miaka mingi wakipima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, na sasa wanataka cheti kinachofanana na kazi wanayoifanya tayari.

Biolojia haiwasumbui. Uliza moyo una vyumba vingapi, utajibiwa na watu wanne kwa pamoja. Halafu waulize robo tatu ya 120 bila kalkuleta. Chumba kinanyamaza, unasikia tu redio ya jirani. Ukikisikiliza vizuri kimya hicho utagundua ni cha mtu aliyeambiwa zamani kwamba hesabu si zake, akaamini.

Kwa makaratasi, mlango uko wazi kiasi. Diploma ya uuguzi katika KMTC inataka wastani wa C katika KCSE, C ya biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- katika somo moja tu kati ya hesabu, fizikia na kemia. Kwa hivyo kuna watu wanaookolewa na kemia, wanafika na D ya hesabu mfukoni. Shida ni vile vyuo vinavyokuita tena kwa mtihani wao wenyewe, na huko ndiko desimali, sehemu, asilimia na uwiano vinakungoja. Hakuna kitu pale kinachopita Darasa la Nane. Hilo ndilo linalowauma zaidi, bana: kushindwa na kitu cha watoto.

Mimi huwaambia uoga huu una historia, na sehemu kubwa ya historia yenyewe ilitokea kabla hawajazaliwa.

Huku kwetu swali la Verwoerd liliulizwa kwa upole zaidi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, James Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wao, ikapendekeza Mwafrika apewe elimu inayolingana na maisha yake ya kijijini: kilimo, usafi, kazi za mikono. Mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete, si mbali na Kawangware, kufunza walimu wa elimu ya namna hiyo. Sitaki kuidharau, watu wengi wazuri walipita pale. Ila ukiamua mapema mtoto atalima, hutahangaika sana kama haelewi desimali.

Kisha ikaja ripoti ya Beecher ya 1949, na hapo hesabu ikapewa kazi nyingine. Mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, akafanya mtihani. Aliyeponea akasoma mingine minne, akafanya mtihani mwingine. Nafasi za kuendelea zilikuwa chache, na lazima kuwe na kitu cha kuchujia. Hesabu ni chujio zuri. Jibu ni sawa au si sawa, husahihishwa haraka, na anayeachwa hawezi kulalamika. Nafikiri tangu wakati huo watu wetu wamelijua somo hili kwa uso mmoja tu, uso wa askari wa getini. Majina ya mitihani yamebadilika, CPE, kisha KCPE kutoka 1985 hadi 2023, na kila kizazi kimeacha watu pale getini.

Uhuru nao ulikuja na hesabu mpya. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe kuandika vitabu vya kisasa, na kwa miaka karibu ishirini watoto wa Kenya wakachora seti na mabano. Mwaka 1981 Rais Moi akazipiga marufuku hesabu hizo, wakarudi kwenye za kawaida. Wazazi wa wanafunzi wangu kadhaa walikatwa katikati na mabadiliko hayo. Mmoja alikuja darasani kumtafuta bintiye, akaona mabano ubaoni, akacheka: anakumbuka kuyachora, hakumbuki yalikuwa ya nini.

Bintiye ana historia yake. Alianza Darasa la Kwanza Januari 2003, mwezi ambao elimu ya msingi ilifanywa bure na shule za umma za Kibera zikafurika, hata Olympic iliyokuwa na sifa ya kupita mitihani. Ilikuwa neema, na walioingia siku hizo hawangesoma kabisa bila amri ile. Lakini mwalimu mwenye umati mbele yake hana wakati wa kukuuliza umekwama wapi. Anasonga na silabasi. Ukikosa sehemu katika Darasa la Tano, asilimia za Darasa la Saba zinakuja kama lugha ya kigeni, na Kidato cha Pili unajiita mjinga.

Sasa, ajabu ni kwamba mtu huyo huyo hesabu anazo. Mama wa chapo hununua unga kwa gorogoro na kwa nusu gorogoro, mafuta ya kupima, na ukibadilisha bei ya unga leo atakwambia kabla hujamaliza sentensi chapo moja inampa faida gani. Huo ni uwiano. Hakuna aliyewahi kumwambia unaitwa hivyo.

Lugha yenyewe imejaa sehemu. Nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni: tulizichukua kwa Kiarabu pamoja na biashara na mgawanyo wa mirathi, na Waislamu wa Makina bado wanazihitaji kila mtu anapofariki, maana mjane mwenye watoto hupata thumuni ya mali ya marehemu, na wasichana wawili au zaidi wasio na kaka hupata theluthi mbili. Thumuni ni moja juu ya nane. Nairobi tuliita senti hamsini thumuni, ingawa ni nusu ya shilingi. Jina lilibaki kutoka hesabu ya pesa nyingine ya kale. Wanubi, askari wa KAR waliokaa Kibra mwanzoni mwa karne iliyopita, waliishi na rupia kabla shilingi haijaingia mwaka 1921. Rupia ya Kihindi ilikuwa na anna 16, na kila anna ilikuwa na pesa 4. Jaribu kununua sukari kwa mpango huo bila karatasi.

Kwa sababu hiyo nilitafuta kitabu cha shule ya msingi cha Tanzania, ambako somo linaitwa hisabati na hufundishwa kwa Kiswahili. Namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Nilipoandika maneno hayo mawili ubaoni, dada wa Lang'ata alisema, kumbe! Asili ni kitu kizima kilikatwa vipande vingapi, kiasi ni vipande umepewa vingapi. Miaka kumi na miwili ya shule alikuwa amezijua kama "ile ya juu" na "ile ya chini". Mtihani utakuja kwa Kiingereza, sawa, na tunafanya maswali kwa Kiingereza. Kuelewa tunaelewa kwanza kwa lugha tunayogombania bei nayo.

Upande wa hospitali nako kuna mambo yake. Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambako watu wa hapa huenda wakizidiwa, ilianza mwaka 1901 na vitanda 40, ikiitwa Native Civil Hospital. KMTC yenyewe inahesabu miaka yake kuanzia 1927. Katika hospitali za ukoloni kazi kubwa ya kuuguza ilifanywa na madresa. Dawa zilipimwa kwa graini, drami na aunsi: graini 60 ni drami 1, drami 8 ni aunsi 1. Gramu zilikuja kushika baadaye, na kila kitu kikawa kumi, mia, elfu. Ilikuwa nafuu kubwa, ila ilileta hatari mpya. Kwenye graini ukikosea unakosea ovyo. Kwenye desimali, nukta ikiteleza hatua moja, mtoto anapata dawa mara kumi. Ndiyo maana manesi hufundishwa kuandika 0.5, wasiandike .5 peke yake, kwa sababu nukta iliyo uchi haionekani kwenye karatasi iliyokunjwa.

Mabaki ya graini bado yapo dukani. Kidonge cha kawaida cha aspirini ni miligramu 300, huko Marekani 325, na watu huuliza kwa nini isiwe 250 au 500. Ni graini 5 za zamani, graini moja ikiwa karibu miligramu 65. Na kile kidogo cha wagonjwa wa moyo, 75, ni robo ya 300. Hilo huwafurahisha sana wanafunzi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu robo wanaijua.

Hata anayefaulu na kuwa nesi hajaachana na somo hili. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka manesi huko, na Agosti mwaka huo huo baraza la manesi la Uingereza likaanza kutumia mtihani mpya kwa wanaotoka nje: maswali 15 ya hesabu za dawa, dakika 30, kabla ya yale 100 ya uuguzi. Mtu mwenye miaka kumi wodini anarudishwa kwenye robo na desimali.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye dawa za maji. Chupa ya parasetamoli imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, mtoto anahitaji 180, utampa mililita ngapi? Kanuni iko ubaoni: unachotaka, gawanya kwa ulicho nacho, zidisha kwa ujazo. Mama wa chapo hakuiangalia. Alisema 180 ni 120 na nusu yake, basi ni 5 na nusu yake, saba na nusu. Nikamwambia aandike hatua zote, maana wanaosahihisha wanataka kuona njia. Akaniuliza kwani njia aliyopita yeye ina nini.

Niliiandika ubaoni, kando ya ile ya kitabu. Kisha tukaingia kwenye dripu: lita 1 kwa saa 8, matone 20 kwa kila mililita, ni matone mangapi kwa dakika. Elfu ishirini kwa 480. Hapo ilibidi kugawanya kwa mkono, na ilituchukua hadi saa tatu usiku kukubaliana kwamba ni 42.