"May" moja ya Kiingereza, mbili za Kiembu

Anayetafsiri programu ya simu hapewi kurasa za kusoma kama za kitabu. Hupewa orodha ya vijineno vilivyong'olewa mahali pake, na neno linalojirudia kwa Kiingereza mara nyingi huorodheshwa mara moja tu. Hapo ndipo lugha zetu huumia.

Mfano ninaoupenda unatoka Embu. Kwa Kiingereza mwezi wa tano ni "May", uuandike kwa ukamilifu au kwa kifupi. Katika CLDR, hazina ya Unicode ambamo programu nyingi huchota majina ya siku na miezi, Kiembu huuita "Mweri wa gatano", na kifupi chake ni "Gat". Sasa mtunzi wa programu akiweka "May" moja kwa kazi zote mbili, mfasiri wa Kiembu afanye nini? Jina refu halitaenea kwenye kisanduku cha kalenda, na "Gat" juu ya barua rasmi haipendezi. Jirani zao wa Meru wana nafuu: kwao ni "Mĩĩ" kotekote, ila kifupi huandikwa kwa herufi kubwa.

Kukata nako kuna hatari yake. "Wa kana" ni mwezi wa nne, "wa kanana" ni wa nane. Herufi tatu za mwanzo ni zilezile, na kwa mkulima anayetazama tarehe ya kulipa mkopo, kukosea miezi minne si mchezo. Ndiyo maana wa nne umeandikwa "Kan" na wa nane "Knn". Nasi wa pwani tusicheke: tukikata Mfungo Mosi hadi Mfungo Tisa namna hiyo, tutapata "Mfu" tisa mfululizo!

Dawa ipo. GNU gettext humpa mtunzi nafasi ya kuandika muktadha wa neno, iitwayo msgctxt, na hapo "May" kamili na "May" fupi huwa maneno mawili, kila moja na tafsiri yake. Kiswahili nacho kinaihitaji: "All" ni faili zote, vitabu vyote, majina yote. Lakini kazi hiyo ni ya mtunzi. Mfasiri hawezi kutenganisha kilichounganishwa kabla hakijamfikia. Aulize neno linakaa wapi kwenye skrini na linafuatana na nini. Asipojibiwa, naona bora aliache tupu. Programu itaonyesha Kiingereza chake, na mtumiaji ataona kuwa kazi haijaisha.