Figo Bandia na Swali la Nani Aishi

Wanaoandika historia ya viungo bandia mara nyingi huanza na mvumbuzi na kumalizia kwa mgonjwa aliyepona. Katika insha hii ninadai kwamba historia ya figo bandia haiishii hapo, kwani mashine ilipofaulu ndipo lilipozuka swali gumu zaidi: nani aunganishwe nayo?

Daktari Willem Kolff aliijenga mashine hiyo mjini Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa chini ya jeshi la Wajerumani. Vifaa vilikuwa haba. Alitumia mrija wa selofani wa kutengenezea soseji, akauviringisha kwenye pipa la mbao lililozunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Damu ilipita mrijani, na uchafu wake ukachujwa kuingia majini. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1943. Karibu wagonjwa wote wa mwanzo walifariki, hadi mwaka 1945 bibi mmoja wa miaka 67 alipozinduka na kupona.

Hata hivyo, mashine ilimfaa hasa yule ambaye figo zake zingepona baada ya muda mfupi. Kila mara mishipa ilikatwa upya, mwishowe ikakosekana ya kukata. Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, Belding Scribner na wenzake walitengeneza mrija wa tefloni uliobaki mkononi mwa mgonjwa. Sasa hata aliyepoteza figo zote mbili aliweza kuishi miaka mingi.

Lakini mashine zilikuwa chache na gharama kubwa. Kituo kilichofunguliwa Seattle mwaka 1962 kiliwachagua wagonjwa kwa kamati ya watu saba, miongoni mwao mwanasheria, kasisi na mama wa nyumbani. Walitazama ndoa, idadi ya watoto, kipato, kazi, hata mahudhurio ya kanisani. Aliyekataliwa hakuwa na tiba nyingine ya kumwokoa.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoifanya serikali igharamie matibabu hayo kwa karibu kila raia aliyeyahitaji. Sheria hiyo ndiyo iliyoondoa haja ya kamati. Kwa hiyo naupa mwaka 1972 uzito sawa na 1943. Tunapoandika historia ya tiba, tumtaje mvumbuzi, kisha tuulize nani alilipa na nani aliachwa mlangoni.