Jivu la Mkeka Siku ya Uhud

Ndugu zangu, tukitaja Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), sisi vijana twakumbuka tu wale wapiga mishale walioteremka mlimani. Majeruhi je? Katika Sahihi Bukhari, Sahl bin Saad (R.A.) asimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alipojeruhiwa usoni, Bi Fatima (R.A.) alimwosha damu, naye Sayyidna Ali (R.A.) akimimina maji kwa ngao. Alipoona maji yazidisha damu, aliacha. Akachoma kipande cha mkeka, akabandika jivu lake kwenye jeraha, damu ikakatika.

Bukhari pia ataja Bi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.): wao wanawake walienda vitani kunywesha watu maji, kutibu majeruhi na kuwarudisha Madina.

Sasa sisi. Matembezi ya madrasa, mwenzetu akakatwa na chupa ufuoni. Wengine kelele, mmoja ashachota mchanga ampake! Jivu lilikuwa dawa ya zama zile. Leo twajua jivu na mchanga huingiza pepopunda. Kinachotakiwa ni kitambaa safi, ukandamize kwa nguvu dakika 10 bila kufunua-funua. Leso ya mama mmoja ndiyo iliyotuokoa. Sambusa tulibeba ndoo nzima, bendeji hata moja.