Ngazi za Uluguru na Kazi ya Programu

Miongoni mwetu tuliosoma chini ya milima ya Uluguru wapo wahasibu, madaktari, wahandisi na wakuu wa idara. Wengi wetu tumewahi kutia saini mradi wa programu ya kompyuta, au kuungojea. Miradi mingi ya namna hiyo hupangwa kwa miaka na kupokewa kwa sherehe, kisha karani akarudia daftari lake. Katika makala haya napenda kueleza utaratibu uitwao Skramu, uliobuniwa kwa ajili ya kazi ngumu kama hizo, na kuonyesha kwamba somo lake lilikwisha patikana katika milima yetu kabla utaratibu wenyewe haujapewa jina.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Haja yake ilikuwa ya kweli. Miteremko ilikuwa ikimomonyoka, na mito ya huko huulisha Mto Ruvu, ambao hata leo huinywesha Dar es Salaam. Wataalamu wakakata shauri kwamba wananchi wachimbe matuta ya ngazi. Amri ikapitia kwa watawala wa kienyeji, na asiyechimba akaadhibiwa.

Mahali pengi udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba. Jembe lilipochimba ngazi liliufukia, likaleta juu udongo wa chini usiozaa, na mavuno yakapungua. Aidha, ardhi ya Waluguru ilikuwa ya ukoo, na ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Mtu aliyeazimwa shamba hakuona sababu ya kumwaga jasho kwa kitu cha kudumu katika ardhi isiyo yake. Mambo haya mkulima aliyatambua upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini kumweleza bwana shamba hakukusaidia kitu, maana kazi ya bwana shamba ilikuwa kutekeleza mpango, si kuurekebisha. Manung'uniko yakakua mpaka Julai 1955, umati ulipokabiliana na serikali huko Matombo. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo ngazi za lazima ziliachwa.

Sasa tuingie katika Skramu. Jina limetoka kwenye mchezo wa raga, ambamo wachezaji hushikana mabega na kusukuma pamoja. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walilitumia kueleza jinsi makampuni kama Honda na Canon yalivyounda bidhaa mpya kwa vikundi vidogo vilivyoshirikiana tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1993 Jeff Sutherland aliingiza fikra hiyo katika kazi ya programu huko Marekani, na mwaka 1995 yeye na Ken Schwaber waliitangaza hadharani.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kazi yote huandikwa katika orodha moja, yenye manufaa zaidi ikitangulia. Kikundi huchukua sehemu ndogo na kuikamilisha katika kipindi kisichozidi mwezi mmoja. Kila siku hukutana kwa dakika 15 kupanga kazi ya siku. Kipindi kikiisha, kazi iliyokamilika huonyeshwa kwa wale watakaoitumia, nao husema linalofaa na lisilofaa. Ndipo orodha hupangwa upya.

Mfano mashuhuri ni wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI. Mwaka 2005 liliutupa mradi wa majalada ya kompyuta uliokwisha kula kiasi cha dola milioni 170. Mradi uliofuata, Sentinel, ulianza mwaka 2006, nao ukakwama. Mwaka 2010 shirika likaichukua kazi mikononi mwake kwa kikundi kidogo na vipindi vya wiki mbili mbili. Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika.

Je, ngazi zenyewe zilikuwa na ubaya? La. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi katika eneo la Kibungo Juu, humo humo Uluguru, ambamo wakulima walilipwa kwa kuhifadhi udongo na maji. Miongoni mwa wachangiaji wa malipo walikuwamo watumiaji wa maji ya Ruvu, yaani DAWASCO na Coca-Cola Kwanza. Wakulima walijiunga kwa hiari, na miongoni mwa njia walizozitumia zilikuwamo ngazi zile zile. Tofauti ni kwamba safari hii mkulima aliweza kusema hapana, na alipata faida aliposema ndiyo.

Hiyo ndiyo roho ya Skramu, na bila hiyo utaratibu huu ni jina tupu. Kikundi chaweza kukutana kila asubuhi, lakini ikiwa mpango hauruhusiwi kubadilika, tumerudi kwa bwana shamba wa 1955. Kwa hiyo, ndugu yangu, utakapoletewa mkataba wa programu, usiulize siku ya uzinduzi peke yake. Uliza ni siku gani, katika mwezi wa kwanza, karani atakapoketi mbele ya kazi iliyokamilika na kusema haifai, na ni nani atakayelazimika kumsikiliza.