Kasparov alivyolala kwa kompyuta: gemu ya 6, 1997

Wadau wa chesi, gemu hii muijue. New York, 11 Mei 1997: bingwa wa dunia Garry Kasparov na Deep Blue, kompyuta ya IBM, wako sare 2.5 kwa 2.5. Imebaki gemu moja tu.

Kasparov, mwenye kete nyeusi, akafungua kwa Caro-Kann (1.e4 c6), ufunguzi wa kujilinda. Hatua ya 7 akacheza h6 kumfukuza farasi. Kumbe kajichimbia kaburi! Farasi akala e6, akajitoa mhanga, mfalme mweusi akakosa pa kujificha. Hatua ya 19, kwisha kazi. Ikawa mara ya kwanza bingwa wa dunia aliye madarakani kupoteza mechi kwa kompyuta kwa muda wa kawaida wa mashindano.

Fundisho: kawaida unatanguliza Bd6, ndipo h6. Ukipindua mpangilio, umeliwa!