Hesabu za Tiergartenstrasse 4

Anayeshuka basi karibu na ukumbi wa muziki wa Philharmonie mjini Berlin hawezi kuiona nyumba namba 4 ya mtaa wa Tiergartenstrasse, maana haipo tena. Mahali pake, tangu Septemba 2014, umesimama ukuta wa kioo cha buluu wenye urefu wa mita 24. Ndani ya nyumba ile, kuanzia 1940, makarani, wahasibu na madaktari walifanya kazi iliyofanana na ya ofisi yoyote: kufungua barua, kupanga majalada, kuidhinisha malipo. Kazi yenyewe ilikuwa kuua wagonjwa. Wanahistoria wanauita mradi huo T4, kwa kufupisha anwani.

Kila mjadala wa kifo cha huruma unapoibuka, wanaoupinga hulitaja jina la Hitler, na wanaouunga mkono hujibu kwamba yale yalikuwa mauaji, hayahusiani kabisa na mgonjwa anayeomba mwenyewe kupumzishwa. Nimeifuata njia iliyofika kwenye nyumba ile kutoka ilikoanzia, na naona pande zote mbili zina haraka.

Haikuanzia Berlin. Ilianzia Leipzig mwaka 1920, katika kitabu chembamba cha wasomi wawili walioheshimika: Karl Binding, bingwa wa sheria ya jinai, na Alfred Hoche, daktari wa akili wa Freiburg. Binding alifariki Aprili mwaka huohuo. Wala hawakuwa Wanazi. Kitabu chao kilimtetea mgonjwa asiye na tumaini la kupona, mwenye mateso, anayeomba mwenyewe afe, na hoja hiyo hata leo ingesikilizwa kwa adabu katika ukumbi wowote wa chuo kikuu. Lakini hawakukomea hapo. Waliwageukia wasioomba, wagonjwa wa akili wasioweza kujieleza, wakasema uhai wao hauna thamani kwao wala kwa jamii. Kisha Hoche akaingiza gharama: chakula, nguo, wahudumu, miaka mingi ya kulishwa bure.

Ujerumani ilikuwa imetoka kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu ya wagonjwa wa akili walikuwa wamekufa kwa njaa hospitalini wakati wa vita hivyo, na wachache ndio waliowalilia. Hesabu ya Hoche ilikuta masikio yaliyozoea. Miaka 15 baadaye ilikuwa imeshafika darasani. Kitabu kimoja cha hisabati cha 1935 kiliwauliza wanafunzi: ikiwa hospitali ya wagonjwa wa akili inajengwa kwa marki milioni 6, na nyumba moja ya familia ni marki 15,000, zingejengwa nyumba ngapi? Jibu ni 400. Mtoto aliyelipata alipewa alama zake.

Oktoba 1939 Hitler alitia sahihi barua fupi, akairudisha nyuma tarehe hadi 1 Septemba, siku Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Ilimpa Philipp Bouhler, mkuu wa ofisi yake binafsi, na daktari Karl Brandt mamlaka ya kuwateua madaktari watakaowapa wagonjwa wasiopona kifo cha huruma. Maneno hayo yamo katika barua yenyewe. Haikuwa sheria, wala haikutangazwa popote.

Hospitali zikatumiwa fomu. Fomu iliuliza ugonjwa, muda ambao mgonjwa amekaa wodini, na kama anaweza kufanya kazi, tena kazi gani. Mabingwa walizisoma wakiwa mbali, bila kumwona mgonjwa. Alama nyekundu ya kujumlisha ilimaanisha afe. Ya buluu ya kutoa ilimaanisha aishi. Hapakuwa na sehemu ya kuandika mgonjwa mwenyewe anataka nini.

Mabasi ya kijivu yaliwachukua waliopewa alama nyekundu hadi vituo sita: Grafeneck, Brandenburg, Hartheim, Sonnenstein, Bernburg na Hadamar. Hadamar ni mji mdogo karibu na Limburg, na hospitali yake iko juu ya kilima, mbele ya macho ya kila mtu. Banda la mbao la kuegeshea mabasi limehifadhiwa mpaka leo, na chumba cha gesi kiko chini ya jengo. Kati ya Januari na Agosti 1941 waliuawa humo watu wapatao 10,000. Wa 10,000 alipotimia, wafanyakazi walipewa bia washerehekee. Moshi ulionekana mjini kote. Askofu wa Limburg alimwandikia Waziri wa Sheria kwamba watoto wa pale wakigombana hutishana kupelekwa Hadamar kuokwa. Watoto walijua, basi mtu mzima aliyesema hakujua alikuwa na kazi kubwa ya kutojua.

Familia zilipokea barua za pole zenye sababu za uongo. Wengine waliambiwa ndugu yao amekufa kwa ugonjwa wa kidole tumbo, na kidole tumbo hicho kilishakatwa miaka mingi nyuma.

Aliyezinusa karatasi hizi mapema ni Lothar Kreyssig, hakimu wa mji wa Brandenburg aliyekuwa akisimamia maslahi ya wagonjwa wasiojiweza. Aliona taarifa za vifo zikirundikana mezani, na Julai 1940 akaandika kupinga, kisha akamshitaki Bouhler kwa mauaji. Waziri wa Sheria alimwonyesha barua ya Hitler. Kreyssig alijibu kwamba neno la kiongozi haliwezi kugeuza dhulma kuwa haki. Alistaafishwa. Ndiye hakimu pekee anayejulikana kuupinga mradi huo waziwazi. Katika nchi nzima ya wanasheria, mmoja.

Tarehe 3 Agosti 1941 askofu Clemens August von Galen alipanda mimbari mjini Münster akauliza: ikiwa asiyezalisha anaweza kuuawa, wazee watasalimika vipi, na askari wanaorudi na majeraha? Nakala za mahubiri zilienea mikono kwa mikono, na tarehe 24 mwezi huo Hitler akaamuru mitambo ya gesi isimamishwe. Mauaji yenyewe hayakukoma. Yalihamia wodini, kwa dawa na kwa njaa, na baadhi ya wataalamu wa vituo vile wakapelekwa Poland kuendesha kambi za Sobibor na Treblinka.

Vita vilipoisha, Wamarekani walikuta Hartheim, Austria, kitabu cha takwimu. Watu 70,273 waliandikwa humo, na kando yao fedha zilizookolewa kwa miaka kumi: zaidi ya marki milioni 885. Mkate ulikuwa na hesabu yake. Viazi pia. Jemu pia.

Njia ingekuwa nyepesi kama ingeishia hapo. Wakati wa vita, katika Uholanzi iliyokaliwa na Wajerumani, madaktari waliamriwa kujiunga na chama cha tiba cha watawala hao. Maelfu walikataa, wengi wakafunika vibao vya majina yao milangoni. Mwaka 1949 Leo Alexander, daktari mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mshauri katika kesi ya madaktari huko Nuremberg, aliwataja kuwa mfano wa ujasiri. Na ni Uholanzi hiyohiyo, mwaka 1973, ambako mahakama ya Leeuwarden ilimpa daktari Geertruida Postma kifungo cha wiki moja tu, tena cha nje, kwa kumdunga mama yake mgonjwa sindano ya mofini baada ya mama kuomba afe. Kuanzia 1 Aprili 2002 sheria ya nchi hiyo inamruhusu daktari kufanya hivyo kwa masharti: mgonjwa aombe kwa hiari, mateso yasiwe na tumaini, daktari wa pili athibitishe.

Kwa hiyo anayesema sheria ya namna hiyo ni Hadamar iliyopakwa rangi anawakosea Waholanzi. Hata hivyo, Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba daktari anaweza kufuata ombi la zamani la maandishi la mgonjwa ambaye sasa amepoteza kumbukumbu na hawezi tena kulithibitisha. Hapo mimi nasita. Yule asiyeweza kujieleza amerudi tena kwenye fomu, safari hii kwa nia njema.

Kenya na Tanzania sheria bado zinamshika kama mhalifu anayemsaidia mtu kujiua, na kifo cha huruma ni mada ya midahalo ya shule. Lakini hesabu zinafanyika. Zinafanywa na wana waliosimama nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, wakijadili shamba lipi liuzwe ili mashine ya kupumulia isizimwe kesho. Mzee mwenye saratani anaposema, "Nirudisheni nyumbani, nimechoka," hakuna anayejua kama amechoka na maumivu au ameiona bili. Siku muswada utakapofika Nairobi au Dodoma, waulizeni wabunge wenu mambo mawili kabla hawajapiga kura: anayeomba kufa, matibabu yake analipa nani, na je, alipewa dawa ya kutosha ya maumivu kabla hajaomba?