Simba wa Tsavo walikula wangapi, na nani alihesabu?

Wasee, ukipanda SGR kwenda Mombasa, kuna mahali kila mtu anatoa simu kutafuta ndovu dirishani. Hapo ni Tsavo. Mwaka 1898, vibarua walikuwa wanalala hapo kwenye mahema wakijenga daraja la reli, na simba dume wawili walikuwa wanawavuta nje usiku, mmoja mmoja.

Injinia wa daraja, John Henry Patterson, aliwapiga risasi wote wawili Desemba hiyo. Baadaye akadai walikuwa wameua watu 135. Hollywood ikaipenda hiyo stori, na filamu ikatoka 1996. Lakini kampuni ya reli ilihesabu Wahindi 28 tu. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na nywele za simba hao, wakakadiria walikula watu kama 35.

Sasa linganisha. Kati ya Wahindi walioletwa kujenga reli nzima, karibu 2,500 walikufa, wengi kwa magonjwa. Hao hakuna aliyewatengenezea filamu. Simba anatisha kuliko malaria, lakini kutisha na kuua ni vitu viwili tofauti.

Ila usikimbilie kusema basi hatari ilikuwa ndogo. Wale 28 ni Wahindi pekee, watu wa mkataba, jina liko kwenye daftari. Waafrika walioliwa je? Patterson mwenyewe aliandika kwenye kitabu chake cha 1907 kwamba hakuna rekodi yao iliyowekwa. Yaani kuna familia ilipoteza baba, na serikali ya mkoloni haikuona haja hata ya kuandika jina.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kuishi na wanyama wa porini ni hatari kiasi gani, namuuliza: hatari kwa nani? Mimi na wewe tuko nyuma ya kioo cha treni. Kuna mtu Taita Taveta anarudisha ng'ombe jioni kwa miguu. Sheria ya 2013 inasema mnyama akikuua, familia yako ilipwe milioni 5. Kwa karatasi ni poa. Lakini familia nyingi zimesubiri miaka hiyo pesa.

Wale simba wako kwenye makumbusho Chicago, wametunzwa vizuri. Waafrika waliowaliwa, hata majina hatuna. Wa leo tunayajua. Basi walipwe.